Kitabu Kisimwache Mtu Njiani

"Rudia hapo penye futi kumi," alisema Mzee Nikolaus, akivuta kigoda chake karibu na meza ya redio. "Mimi ndiyo kwanza nimeingia."

Getruda alibana kidole juu ya mstari ili usimpotee. Ilikuwa mara ya tatu alasiri ile kusoma ukurasa uleule wa kijitabu cha vyoo. Mara ya kwanza walisikiliza watu tisa. Mara ya pili walifika wengine wanne kutoka kwenye palizi, wakaomba warudiwe, wakarudiwa. Sasa alikuja Mzee Nikolaus, kachelewa kwa sababu ng'ombe wake waliingia katika mihogo ya watu, na kanuni ya kijiji ilijulikana hata na watoto: kitabu kisimwache mtu njiani. Anayechelewa husubiriwa. Asiyeelewa hurudiwa. Aliyekuwa msibani husomewa upya tangu mwanzo, na walioelewa jana hukaa kimya wakaelewa tena.

"Choo kichimbwe kwenda chini futi kumi," Getruda alisoma, "na kiwe mbali na kisima hatua hamsini."

"Hatua za nani?" Nikolaus aliuliza.

"Hatua tu, Mzee."

"Hatua zangu na za Tobias si sawa. Mwenyekiti ana miguu ya korongo. Kitabu hakikusema?"

"Hakikusema."

"Basi rudia, pengine kilisema."

Watu walicheka. Getruda hakucheka. Alirudia kwa sauti yake tulivu ya kusomea watu, lakini kichwani alikuwa mahali pengine kabisa, kwenye ukurasa wa mia moja sabini na moja wa kitabu kingine, ambako mwanamke aitwaye Nyanzobe alikuwa ametua furushi lake kando ya chemchemi, ameketi, hajui aende wapi. Nyanzobe alikuwa amekaa pale siku kumi na mbili sasa. Halikuwa kosa lake. Msomaji wake ndiye aliyekosa nafasi ya kumwinua.

Kijiji chao kilikuwa upande wa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, kijiji kipya cha ujamaa chenye nyumba zilizopangwa mstari na shamba moja kubwa la tumbaku. Getruda, mke wa Kornel, ambaye wote walimwita Mama Hilari kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa mtu pekee mzima pale aliyeweza kusoma bila kukwama. Mwalimu wa shule alikuwa mmoja kwa madarasa manne na jioni hakuonekana. Kwa hiyo vikundi vyote vilikuwa vya Getruda. Jumatatu na Jumatano, kisomo cha watu wazima. Jumanne, kikundi cha redio, kinachosikiliza kipindi kisha kusomewa kijitabu chake. Alhamisi, kina mama wa kanisani, waliokuwa mwaka wa pili katika kitabu kimoja cha malezi na wamefika mtoto anapoota meno. Jumapili baada ya misa, wazee na gazeti, ambalo lilifika limechelewa wiki tatu na likasikilizwa kwa hofu kana kwamba mambo yale yangetokea kesho.

Watu wengine wawili walikuwa wamefuzu kisomo. Kanuni ilikuwa kwamba anayefuzu anaacha kutia dole gumba kwenye rejista, anaandika jina lake kwa kalamu, watu wanapiga makofi, na papo hapo anapewa kikundi cha kukisomea. Wa kwanza alizeeka ghafla akasema macho hayaoni. Wa pili, Damas, alipewa kikundi cha vijana, na kabla mwezi haujaisha akahamia Igalula kwa shemeji yake. Vikundi vyao vilirudi kwa Getruda.

Kitabu cha Nyanzobe hakikuwa cha kikundi chochote. Alikiazima mwenyewe maktaba ya mjini, siku alipotumwa kuchukua chaki. Kilikuwa hadithi ya mwanamke wa Unyanyembe aliyefuatana na mumewe katika misafara ya zamani. Mume akaugua Ugogo, akaachwa katika kijiji cha watu, na Nyanzobe akajitwika mzigo wa mumewe mpaka pwani. Sasa ameufikisha, ana ujira wake mkononi. Je, atarudi kumfuata mumewe, au atabaki kule na maisha yake? Zilibaki kurasa thelathini na tatu. Tangu atoke shule ya masista na darasa lake la sita, miaka ishirini na sita iliyopita, Getruda hakuwahi kumaliza kitabu ambacho hakuna mtu aliyemtuma akisome. Hata kimoja. Hiki alitaka kukimaliza kwa namna ambayo ilimtia haya hata yeye mwenyewe.

Mara tatu alikiongezea muda. Mara ya mwisho Bi Mwanajuma wa maktaba, mwanamke wa mjini mwenye miwani na kanga zilizopigwa pasi, alimtazama kwa muda mrefu. "Dada, hiki kitabu umekitolea mahari?" Kisha akapunguza mzaha. "Jumamosi hii ndiyo mwisho. Sanduku la vitabu vya Usinge linaondoka na treni ya jioni, na hiki kimo kwenye orodha."

Nyumbani hapakusomeka. Alijaribu. Alikuwa ameketi uani Jumanne ile, baada ya vyoo, amesoma mistari minne, Kornel akamwuliza, "Unakunja uso kwa nini?"

"Nasoma."

"Basi soma kwa sauti. Unatunyima nini sisi?"

Getruda alikifunga akaenda kupepeta mtama.

Kulikuwa na mahali pamoja tu. Asubuhi ya Jumatano aliomba zamu ya bani, ile nyumba ndefu ya matofali isiyo na dirisha wanamokaushia tumbaku, zamu ambayo watu waliikimbia kwa joto na moshi. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya tanuri, kutia gogo kila moto unapolegea, na kuchungulia kipimajoto kwenye tundu la mlango. Tumbaku ya wiki ile ilikuwa bado inageuka manjano. Moto ukizidi, jani linaungua likiwa bichi, ukipungua, linaoza. Haiwezekani kuiharakisha na haiwezekani kuiacha. Lakini kati ya gogo na gogo kulikuwa na robo saa nzima isiyo ya mtu.

Alikuwa amenawa mikono kwa jivu na limau. Utomvu wa jani bichi la tumbaku ni adui wa karatasi: unaganda vidoleni mweusi, unanata, na kila unachoshika unakiachia alama yako. Alifungua kitambaa, akatoa kitabu. Nyanzobe aliinuka pale chemchemini. Akatembea. Ukurasa wa mia moja sabini na mbili, na tatu, na nne. Getruda alitia gogo bila kukiweka chini kitabu. Alifika mia moja sabini na sita.

"Mwangaluka, Mama Hilari."

Mwenyekiti, Mzee Tobias, alikuwa amesimama juu yake, mrefu, fimbo kwapani.

"Mwangaluka. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alikwenda moja kwa moja kwenye kipimajoto, akachungulia, akarudi, akatazama tanuri. Alitafuta kosa motoni akalikosa. Kisha akaelekeza fimbo. "Ni cha kikundi gani hicho?"

"Si cha kikundi, Mzee. Ni changu."

"Chako kivipi?"

"Nasoma mwenyewe."

"Mwenyewe," alirudia, kana kwamba neno lina mfupa ndani. "Na wengine wanasikia nini?"

Wengine hawakusikia kitu, na huo ndio ulikuwa utamu wake kwa Getruda. Alimweleza habari yenyewe, harakaharaka, akitumaini itamchosha. Aliposema wapagazi, Mzee Tobias alichuchumaa. Aliposema njia ya pwani, alivua kofia.

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu mara nne mpaka pwani," alisema. "Safari ya tano hakurudi. Hatujui hata amefukiwa wapi. Baba yangu amekufa anauliza. Na wewe, mwanangu, unazo habari za njia ile, unazisoma hapa peke yako, unasomea tumbaku?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, Getruda angeweza kukasirika vizuri.

Jumatano ileile, kisomo kilipokusanyika, Mwenyekiti alisimama akatangaza. Mama Hilari ameletea kijiji kitabu cha babu zetu. Watu wakapiga makofi. Kitasomwa kila Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa Mama Hilari hana kikundi. Wakapiga makofi tena.

"Mzee," Getruda alisema, "kitabu ni cha maktaba. Kinarudi Jumamosi."

"Tutaandika barua kitubakie. Utaiandika wewe."

"Basi kikae kwangu mpaka hapo."

"Kwako kwa nini? Kitabu cha kikundi kinalala kwa zamu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kitabu cha kikundi kilizunguka nyumba kwa nyumba, kila mwanachama akilala nacho siku mbili, akisome akiweza, akitazame asipoweza, ili asiwepo wa kusema kitabu ni cha fulani. Walitazama orodha. Zamu ilikuwa ya Sikuzani.

Sikuzani alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mzaliwa wa mjini, aliyeolewa kijijini na mkulima wa mihogo. Alikuwa mkwamaji mkuu wa darasa. Miaka miwili alikuwa kwenye kitabu cha kwanza, kwenye sentensi ya 'baba analima', na kila walipokaribia mwisho wa somo aliinua mkono na kusema kwa upole, "Mwalimu, turudie tangu mwanzo." Wenzake walimpenda kwa hilo, maana aliwasitiri. Siku ile rejista ilipopita alichovya dole kwenye kijaluba cha wino, akalibana mbele ya jina lake. Getruda angelitambua dole lile hata gizani, lenye kovu lililolipasua katikati, jeraha la mundu. Kisha Sikuzani akapokea kitabu kwa mikono miwili, akakifunga katika kanga yake, akaondoka nacho. Getruda alikisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya mwisho ya nyumba.

Alhamisi aliwasomea kina mama mtoto anavyoota meno. Josepha, kiongozi wao, alimwuliza mara mbili kama anaumwa. "Siumwi," alisema. Alikuwa anaumwa.

Ijumaa kijiji kizima kilijaa barazani kwa Mwenyekiti. Walikuja hata wasiokuja kwenye redio. Sikuzani alileta kitabu. Getruda alikifungua ukurasa wa kwanza, ukurasa alioujua karibu kwa moyo, akasoma kwa hasira iliyonyooka kama fito. Pembeni mwa karatasi aliona alama za utomvu, akadhani ni zake mwenyewe, akajilaumu kwa uchafu. Alisoma msafara unavyojipanga, ngoma mbele, pembe katikati, wanawake na vyungu nyuma, na jinsi walivyolala Kigwa.

"Hapana," alisema Mzee Nikolaus. "Mtu mwenye pembe begani hafiki Kigwa siku ya kwanza."

"Anafika," mwingine akasema, "akitoka alfajiri."

"Wewe ulishabeba pembe?"

Walibishana mpaka kuku wakaanza kupanda kulala. Mzee Tobias pekee hakubisha. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono juu ya fimbo, na mara moja, waliposomewa jina la kambi fulani ya Ugogo, midomo yake ililirudia jina lile bila sauti. Getruda aliona, na moyo ukamlainika, na akachukia kulainika kwake. Wakati wa kufunga walikuwa wamesoma kurasa tatu. Alipiga hesabu pale pale. Kurasa mia mbili na nne, tatu kila Ijumaa. Ijumaa sitini na nane, kama hakuna msiba na ng'ombe hawaingii mihogoni.

Aliandika barua ya kuomba kitabu kibaki. Mwenyekiti aliweka sahihi. Kitabu kilirudi kwa Sikuzani, kwa kuwa siku zake hazijaisha vizuri, naye angekileta alfajiri kabla trekta la kijiji halijaondoka kwenda mjini saa nne.

Jumamosi Getruda alikuwa banini kabla jua halijachomoza. Sikuzani alichelewa, akaja na kitabu jua limekwisha panda, akakitoa ndani ya kanga, akaenda kuketi na kazi yake kwenye kibanda cha jirani, kufunga majani mabichi kwenye fito. Saa tatu ilikuwa imepita. Kurasa ishirini na nane. Getruda alitia magogo mawili kwa pupa, akafungua pale alipoweka alama ya unyasi.

Alisoma kurasa nne bila kuvuta pumzi. Kwenye ukurasa wa mia moja na themanini, pembeni, pale mtu anaposhika ili afunue, palikuwa na dole. Lilikuwa jeusi la utomvu, na katikati yake mstari mweupe.

Aliigeuza karatasi. Ukurasa wa mia moja themanini na mbili, dole. Themanini na nne, dole. Aliruka hadi mwisho kabisa wa kitabu, akifunika maandishi kwa kiganja ili macho yasiibe neno, akatazama pembe ya ukurasa tu. Dole lilikuwepo.

"Sikuzani! Njoo hapa."

Alikuja akijifuta mikono.

"Hili dole la nani?"

Sikuzani alitazama. "Langu, Mwalimu."

"Na hili?"

"Langu."

"Ulikuwa unatazama picha?"

"Hakina picha."

Moto ulipasuka ndani ya tanuri. Getruda alimgeukia. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili unanikwamia kwenye baba analima. Miaka miwili turudie, Mwalimu, turudie. Nimekusomea ukurasa mmoja mpaka nauona usingizini!"

"Na mimi ndivyo nilivyojua," Sikuzani alisema polepole. "Mara ya kwanza nasikiliza. Ya pili nafuata kwa macho. Ya tatu nakutangulia moyoni. Tangu mwaka jana wakati wa kupanda naweza kusoma chochote."

"Kwa nini hukusema?"

Sikuzani aliinama akaokota kijiti, akakivunja. "Ningesema, ningepewa kikundi." Kisha, kwa kuwa Mwalimu alikuwa bado anamkodolea macho, akaongeza, "Nimekutazama sana. Kila siku una kitabu mkononi, na husomi."

Getruda alitaka kumpiga. Huo ndio ulikuwa ukweli. Alitaka kumpiga kofi yule mwanamke mpole, aliyekaa mwaka mzima kwenye kivuli cha uzito wake wa bandia, akisoma, wakati yeye anahesabu hatua za vyoo. "Kwa hiyo nibebe na vikundi vyako?" alisema. "Jumanne yako niibebe mimi? Ijumaa yako? Nitamwambia Mzee Tobias. Leo hii hii."

"Mwambie," Sikuzani alisema. "Lakini sasa hivi soma. Moto nitautazama mimi."

Akachukua nafasi yake kando ya tanuri, akachungulia kipimajoto, akachagua gogo jembamba badala ya nene, jambo lililokuwa sahihi. Getruda alisimama kidogo, hasira imemjaa na hana pa kuiweka. Kisha akakaa chini, akampa mgongo, akasoma. Alisoma kama mtu anayekunywa maji baada ya kutwa nzima ya jembe. Nyanzobe aliuza bangili. Nyanzobe alipata kazi kwa mwanamke wa Kihindi. Nyanzobe aliota mumewe anamwita, akaamka, akafunga mzigo wake, akaufungua tena. Madole yenye kovu yalimtangulia kila ukurasa. Mia moja tisini. Tisini na nne. Tisini na nane.

Honi ya trekta ililia.

"Zimebaki ngapi?" Sikuzani aliuliza.

"Sita." Aliinuka. "Na usiniambie. Ukiniambia sitakusamehe."

Kwenye tela la trekta alipata mahali juu ya gunia la karanga. Safari ya mjini ni saa nzima. Kurasa sita zinatosha. Alifungua kitabu, na mama mmoja wa pembeni akasema, "Ah, ndicho kile cha Ijumaa! Mama Hilari, soma kwa sauti, na sisi tusikie." Mwingine akasema yeye Ijumaa hakuwepo. Wa tatu hakuwepo pia. Wakakubaliana, kwa furaha kabisa, kwamba aanze ukurasa wa kwanza.

Getruda alikifunga, akakikalia. Alisema tela linamtikisa macho. Njia nzima alitazama vumbi na kujisemea maneno atakayomwambia Mwenyekiti: Mzee, Sikuzani ameiva, mpe redio, mpe na Ijumaa. Aliyapanga, akayapunguza, akayanoa.

Maktaba, Bi Mwanajuma alikuwa na nyundo mkononi. Sanduku la Usinge lilikuwa wazi, limejaa, limeachwa pengo moja. Mlangoni mtu wa mkokoteni alikuwa anasubiri.

Alisoma barua ya kijiji yote, mpaka sahihi. "Wameandika vizuri," alisema.

"Nimeandika mimi."

"Najua. Lakini Usinge nao wameandika, dada yangu, tena barua yao imetangulia wiki mbili. Wana kikundi cha watu arobaini na kitabu hawana." Alikifungua, akaona kurasa. "Na hivi vidole?"

"Vya kijiji."

"Umekimaliza lakini?"

"Bado kurasa sita. Niache nisome hapa, nimesimama hivihivi."

Bi Mwanajuma alimtazama mtu wa mkokoteni, akaitazama saa ukutani. "Soma basi, nikitafuta misumari."

Misumari ilikuwa mfukoni mwake, na kwa huruma aliitafuta kwenye saraka mbili. Getruda alisoma nusu ukurasa. Nyanzobe alikuwa amesimama njia panda, jua la asubuhi usoni, na mtu mmoja anamjia kutoka mbali. Mtu wa mkokoteni alikohoa. Bi Mwanajuma alinyoosha mkono, na Getruda akampa.

Alisikia misumari ikigongwa mpaka alipofika barabarani. Alilia kidogo nyuma ya duka la mafuta ya taa, machozi ya hasira zaidi ya huzuni, akajifuta kwa kile kitambaa cha kitabu. Kijijini kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekwisha kumaliza kitabu kwa ajili ya nafsi yake, na hakuwa yeye. Wazo hilo alirudi nalo kijijini. Lilimchoma njia nzima, na kabla ya Ntalikwa alikuwa ameacha kuyanoa yale maneno, hajui kwa nini.

Jumatatu Mzee Tobias alikuja darasani. Kwanza alisema habari ya kitabu imemuuma, ataandika Usinge mwenyewe, yaani Mama Hilari atamwandikia, na Ijumaa itaendelea na kitabu kingine mpaka hicho kirudi. Kisha akasimama kifua mbele, akawaangalia wanafunzi wale kumi na wanne waliokaa kwenye magogo.

"Mama Hilari amechoka," alisema. "Nina macho, naona. Mwalimu, hakuna hata mmoja hapa aliyeiva akupokee kikundi? Hata kimoja?"

Getruda alitazama magogo kuanzia mwanzo. Alimwona Sikuzani, ameinamia kitabu chake cha kwanza, kidole juu ya baba analima, hatikisiki. Jumanne nzima. Na Ijumaa. Neno moja tu, na angekuwa na alasiri mbili zake mwenyewe, kila wiki, maisha yake yote.

"Bado, Mzee," alisema.

"Hata Sikuzani? Miaka miwili hii?"

"Huyo ndiye bado kabisa."

Darasa lilicheka kwa wema. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaenda zake na miguu yake mirefu. Getruda alifungua rejista, akaipeleka mtu kwa mtu pamoja na kijaluba cha wino. Alipofika kwa Sikuzani, aliishika imara ili isiteleze. Sikuzani alichovya dole, akalibana mbele ya jina lake, akalishikilia pale kuliko ilivyohitajika. Alipouondoa mkono, chini ya kijaluba palikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, nene kidogo. Kwenye mkunjo ilionekana mistari ya penseli, jina la Nyanzobe katikati yake, herufi kubwa zilizobanana, zisizo na hata moja iliyokwama.

Getruda aliitia ndani ya blauzi. Alirudi mbele, akafungua kitabu, akaanza somo. Karatasi ilimkwaruza kila alipovuta pumzi. Alikuwa amefika mstari wa mwisho wa ukurasa, na jua lilikuwa bado juu kiasi cha mtu kuweza kusoma nje, Sikuzani alipoinua mkono wake wenye wino.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "turudie tangu mwanzo."